Maji ya Makoye

Mama Makoye alipoanza kutenda dhambi alikuwa ameshapita miaka sabini, na kama mtu yeyote anayejifunza kazi mpya uzeeni, hakuwa na kipaji nayo.

Alianza na wizi. Asubuhi moja aliingia shambani kwa jirani yake Matrida, akachagua boga kubwa, akalikata, akalitwika kichwani na kutoka nalo mbele ya watu wote wa mtaa wao pale Butiama, huku akiitikia shikamoo za wapita njia. Matrida alikuwa mlangoni kwake anapepeta ulezi. Akamwona vizuri kabisa.

"Mama Makoye, hilo si bado changa? Ungechukua lile la kule kwenye kichuguu, ndilo tamu."

"Nimekuibia," akasema Mama Makoye, boga likiwa kichwani.

"Haya, mama. Chuma na majani yake basi, upate mboga ya jioni."

Ukishapewa na majani, wizi umeisha hapo. Mama Makoye alifika nyumbani amenuna. Akajaribu pombe. Alikwenda kwa mama mmoja anayepika gongo nyuma ya mnada, akaagiza kama mwanaume, akapiga funda la kwanza, na funda likarudi lilikotoka likiwa limefuatana na uji wa asubuhi. Walevi wakaacha vikombe vyao, wakamshika mkono huku na huku, wakamsindikiza mpaka kitandani. Mmoja akamletea ndimu.

Akaacha kwenda misa. Jumapili ya pili tu wanajumuiya walijaa sebuleni kwake wakidhani anaumwa, wakamsalia rozari nzima, wakamwachia sukari na sabuni. Alipoona hivyo akamgeukia mwenyekiti wa jumuiya, akamwambia mbele za watu kuwa ana sura ya fisi aliyenyeshewa. Mwenyekiti akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema tangu bibi yake afariki hajapata mtu wa kumtania vizuri namna hiyo.

Kwa hiyo hesabu yake ya dhambi ilikuwa bado tupu, na uchungu ulikuwa unamzidi.

Habari zilimfikia Benson kwa simu. Benson ndiye mtoto wake wa pili, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya Musoma mjini, mtu wa mzaha ambaye hata msibani hukaa na wale wanaochekeshana kando. Aliyepiga simu alikuwa Matrida.

"Mwalimu, njoo nyumbani. Mama yako ananiibia vibaya."

"Anakumalizia shamba?"

"Angekuwa anamaliza ningenyamaza. Nasema hajui kuiba! Anapita na mali mchana, ananisalimia. Jana amechukua dumu langu la maji, lile jekundu, akanigongea mlango kuniambia amelichukua. Watu wananicheka mimi."

Benson alicheka njia nzima kutoka Musoma. Kicheko kilikatika alipomkuta mama yake ameketi jikoni na lile dumu jekundu miguuni, akamuuliza kuna nini, na mama akamjibu bila kuzunguka:

"Nataka kwenda alipo kaka yako."

Hapo Benson akajua ni ile klipu.

Makoye, mtoto wa kwanza, alikuwa dereva wa bodaboda. Alikuwa mkarimu, mwenye kelele, mwenye deni la misa nyingi alizokosa, na siku aliyokufa karibu na Kiabakari alikuwa amekunywa. Hilo hakuna aliyelificha. Walimzika, wakalia, wakaanza taratibu kuzoea. Ndipo kwenye simu za watu ikaingia klipu ya Mtume Fredi wa Bunda. Mtume alikuwa anahubiri kwa Kiingereza, mkalimani akimfuata kwa Kiswahili, na alisema amechukuliwa katika roho mpaka jehanamu, akatembezwa huko siku tatu. Humo alimwona kijana wa bodaboda wa upande wa Butiama, aliyekufa na pombe kichwani karibu na Kiabakari. Anaungua. Ataungua milele na milele. Na alimnyooshea Mtume mkono, akaomba maji.

Jina hakulitaja. Hapakuwa na haja. Na kama ilivyo kawaida ya watu wema, akapatikana mtu mwema aliyembebea Mama Makoye simu mpaka mlangoni ili asikie mwenyewe, apate kuokoka.

"Mimi nina ubatizo," mama alisema. "Nina kipaimara, nina ndoa ya kanisani. Nikifa leo nitaenda mbinguni, hakuna wa kunizuia. Nitakaa pale ninakula, wanaimba, na mwanangu yuko chini anaomba maji. Wewe ungekula?"

"Wanasema ukifika kule unasahau yote, mama. Mungu anafuta machozi."

"Nimsahau Makoye? Watu wananiitaga nani mimi?"

Jina la mama la kuzaliwa, Nyangi, lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Tangu alipojifungua mara ya kwanza alikuwa Mama Makoye, sokoni, kanisani, zahanati. Hata malaika wa mlangoni akitaka kumwita aingie, ataita jina gani?

"Akinisahaulisha Makoye," mama akaendelea, "atakayekaa huko mbinguni si mimi. Ni bibi mwingine tu, amevaa kitenge changu. Kwa hiyo nimeona ni heri niende kule kule. Nikikuta panaungua tutaungua wawili, nitamkinga kidogo."

"Ndiyo ukaona uanze na boga."

"Boga ndilo lilikuwa karibu."

Benson alijaribu kucheka, ikashindikana. Akasema Mungu ni mwema, mama. Mama akasema anajua kuwa ni mwema, ndiyo maana haelewi. Angekuwa mbaya asingepata shida. Angemchukia tu akalala usingizi.

Kisha akaeleza anachotaka. Mtume Fredi alikuwa anakuja kuhubiri pale pale Butiama, mabango yalishabandikwa, na mkalimani wake wa zamani alikuwa amemkimbia. Sasa Benson aende akaombe kazi hiyo.

"Si unajua Kiingereza? Mtafsirie. Mimi nataka nimfikie tu. Yule ndiye anayekwendaga huko na kurudi."

Hapa inafaa kumweleza Mtume. Fredi alizaliwa Kabasa, mjini Bunda, na wapo watu huko wanaomkumbuka akitengeneza simu, akiongea Kiswahili chetu hiki hiki cha haraka haraka, tena akitukana vizuri. Halafu akaenda Zambia. Hakukaa sana, lakini aliporudi alikuwa na suti nyeupe, na Kiswahili kilikuwa kimempotea njiani kama mtu anavyosahau begi kwenye basi. Tangu hapo akawa anahubiri kwa Kiingereza tu. Watu walimwelewa: nabii unayemsikia moja kwa moja, bila mtu wa kukutafsiria, ana ukubwa gani? Atakuwa sawa na mjumbe wa nyumba kumi. Benson aliiomba kazi akaipata, na alipompima siku ya kwanza aliona Kiingereza chenyewe kilitosha moto na laana. Nje ya hapo kilikwama haraka.

Siku ya mkutano uwanja wa mnada ulijaa. Spika zilipangwa kama kichanja cha mahindi. Jua lilikuwa kali hivi kwamba jehanamu haikuhitaji maelezo marefu. Mama Makoye alikuwa mstari wa mbele, Matrida pembeni yake, na lile dumu jekundu katikati ya miguu.

Mtume alipanda jukwaani, akanguruma kwa Kiingereza kwamba mwenye dhambi atatupwa motoni, aungue milele na milele.

"Mwenye dhambi atatupwa motoni," alitafsiri Benson, "aungue kwa muda."

Shingo ya Mtume iligeuka ghafla kama ya kuku aliyesikia mwewe. Akarudia, akilivuta neno: milele, bila mwisho, bila mwisho kabisa.

"Muda mrefu kidogo," alisema Benson.

Watu wakaafikiana. Mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Hapo sawa. Hata kesi ya ng'ombe inaishaga."

Mtume akafumba mdomo. Angesema nini? Kumsahihisha mkalimani kulihitaji awe amemwelewa, na Kiswahili kilibaki Zambia. Akamsogelea Benson, akamnong'oneza kwa Kiingereza, meno yamebanana, kwamba atafsiri kama ilivyo au ashuke.

"Mtume anasema Mungu awabariki," Benson aliwaambia watu.

"Amina!"

Wakaendelea hivyo. Mtume alitaja moto mara saba zaidi ya kawaida, Benson akamtafsiria makaa, majivu, joto la mchana. Mtume alitaja mafuta yanayochemka. Benson akasema mambo yatakuwa ya moto moto. Kina mama wa nyuma walianza kufurahia mahubiri. Benson alifanya mzaha huo kwa ustadi wote aliokuwa nao, lakini kila akimtazama mama yake aliona macho hayako kwake. Mama alikuwa anamtazama Mtume tu, kama mtu anayengoja basi analolijua.

Na Mtume, jasho likimtiririka, akafika pale alipopanga kufika. Akanyoosha mkono, akatetemesha vidole, akaanza kwa Kiingereza habari ya kijana wa bodaboda, njia ya Kiabakari, pombe, mkono ulionyooshwa.

Benson akanyamaza.

Mtume akangoja. Akarudia sentensi. Benson alishika kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa nyoka, mzaha wote umemkauka kinywani. Spika zikatoa mlio. Katika kimya kile Mama Makoye akasimama, akainua dumu, akaanza kupanda ngazi za jukwaa moja moja. Vijana wa ulinzi walimpisha. Nani atamzuia bibi mwenye maji?

Alifika mbele ya Mtume akasimama, akingoja shikamoo. Haikuja, Kiingereza hakina.

"Mimi ndiye mama yake," akasema. "Huyo wa bodaboda. Huyu mkalimani wako naye ni mdogo wake, kwa hiyo usimkasirikie, leo ulimi wake mzito."

Mtume akamgeukia Benson kana kwamba anasubiri tafsiri. Masikio yake lakini yalikuwa yamebadilika rangi, na hayo hayakuwahi kwenda Zambia.

"Nimekuletea maji," mama akaendelea. "Ukienda tena umpelekee. Yamechemshwa, ni safi. Nina swali moja tu. Ulikaa huko siku tatu, mwanangu akakuomba maji. Ulimpa?"

Mtume akamtazama Benson. Benson akatazama mawingu.

"Nauliza, ulimpa?"

Mtume akakohoa, akasema kitu kwa Kiingereza. Benson akakisogeza kipaza sauti mdomoni, na safari hii akatafsiri kama ilivyo, neno kwa neno: "Anasema huko hakuna maji."

"Sawa. Hukuwa nayo. Ukarudi huku. Bunda maji yapo, ziwa zima liko hapo Musoma. Uliporudi ulikunywa?"

Mtume akajipangusa jasho.

"Ulikunywa. Ukala, ukalala. Na mtu ameshakuomba." Hakuwa anapiga kelele, alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kuelewa utaratibu wa ofisi. "Na Mungu aliyekuwa anakutembeza, yeye alisimama wapi Makoye alipoomba? Alisikia? Au alikuwa anasikiliza Kiingereza?"

Manung'uniko yalianzia mbele yakaenda mpaka kwenye miti ya mwisho. Pale Butiama, na Bunda pia, na popote wanapofuga, kuna mambo mengi mtu anaweza kufanya akasamehewa, lakini kumnyima maji aliyeomba si mojawapo. Mzee wa kesi ya ng'ombe alikuwa amesimama sasa.

"Hata mwizi wa ng'ombe tukimkamata, akisema kiu, anapewaga maji kwanza! Ndiyo anapigwa!"

"Kikombe kizima!" mwingine akadakia. "Wewe umetoka ukoo gani, Mtume?"

"Ni wa Kabasa huyo! Mimi namjua mama yake!" akapaza sauti Matrida, ambaye hakumjua hata kidogo, ila aliona hapo ndipo panapouma.

Pakauma. Mtume Fredi alisimama na suti yake nyeupe iliyoloa mgongoni, na Benson aliyekuwa karibu naye aliona mahesabu yakipita usoni kwake. Kama alimwona Makoye, basi yeye ni mtu aliyeombwa maji akageuka akaondoka, na habari hiyo ingefika Bunda kabla ya gari lake, imfikie mama yake mzazi akiwa sokoni. Kama hakumwona, basi ni mwongo. Akapima hivi, akapima hivi. Uongo mtu anaweza kuishi nao. Wangapi wanaishi nao na wana magari?

"Mama," akasema, na Kiswahili kikamrudia chote kwa mkupuo, hata lafudhi. "Mama, sikumwona."

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Kuna mwanamke alipiga kelele kwamba muujiza umetendeka, Mtume amenena kwa lugha.

"Hukumwona Makoye?"

"Sikumwona."

"Ulitazama vizuri? Ni mrefu, ana kovu hapa."

"Mama, sikuona..." Alitazama chini. "Mimi sikuendaga huko. Niliota tu. Ndoto yenyewe fupi. Mengine niliongeza mwenyewe, kutia chumvi."

"Kwa hiyo hukuona mtu?"

"Sikuona mtu yeyote, mama."

Neno likashuka uwanjani, na kama kila neno linaloshuka uwanjani lilifika nyuma likiwa limenenepa. Mbele walisikia kwamba Mtume hakwenda. Katikati walisikia kwamba alikwenda akakuta hakuna mtu. Huko mwisho, kwenye wauza miwa, ilishajulikana kwamba jehanamu imefungwa. Mtu mmoja akauliza, sasa kuni zote zile zinaungulia nini? Mwingine akasema lazima serikali imeingilia. Mlevi mmoja wa gongo alianza kutembea kwa haraka kurudi kilabuni.

Mama Makoye hakucheka wala hakulia. Alimwambia Mtume, "Asante, baba," akachukua dumu lake, akashuka.

Walitembea kurudi nyumbani watatu, yeye na Benson na Matrida, kwa njia ya vumbi inayopita kwenye mashamba ya mihogo. Benson alitaka kulibeba dumu, mama akakataa.

"Umeridhika sasa?" Benson akamuuliza.

"Na nini?"

"Si amesema hakwenda."

"Yeye hajui," mama akasema. "Mimi nami sijui. Padri naye nikimbana ataniambia ni fumbo." Akahamishia dumu mkono wa pili. "Lakini huyu Fredi, mwongo mzima huyu, mbele za watu wote ameona haya kusema alimnyima mtu maji. Akaona heri aitwe mwongo. Sasa unataka kuniambia Mungu hana haya?"

Benson, ambaye alikuwa na jibu la mzaha kwa kila jambo tangu akiwa darasa la kwanza, akapiga jiwe teke tu.

Mbele yao, kwenye kona, gari aina ya Noah lilikuwa limesimama kando ya barabara, boneti wazi, mvuke ukifuka kwenda juu. Pembeni alisimama mtu mwenye suti nyeupe, koti begani, peke yake. Hata dereva alikuwa amepata bodaboda na kuondoka. Alipowaona akasogea hatua chache, akasita, akasogea tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Gari limechemka. Rejeta imekauka kabisa." Alitazama dumu, akatazama kwingine. "Mama, naomba maji."

Benson akacheka mwenyewe, kicheko kibaya kidogo. "Mwache achemke, mama. Si milele. Muda mrefu kidogo tu."

"Hata nusu saa," akasema Matrida. "Ajifunze."

Mama Makoye alikuwa ameshaliweka dumu chini. Alilitazama; maji aliyoyachota jana, akayachemsha, akayapoza usiku, akayafunika na kitambaa safi. Midomo ilimcheza, na Benson akajua analitaja jina, ingawa halikusikika. Kisha akainua dumu, akamkabidhi Fredi kwa mikono miwili.

"Ameomba," akawaambia wale wengine, kana kwamba hilo linamaliza mazungumzo, na likayamaliza.

Fredi akanywa kwanza, funda refu, macho amefumba. Kilichobaki akakimimina kwenye rejeta taratibu, ikanguruma, ikatulia. Alipomaliza akafunga kifuniko na kutaka kulitupa dumu tupu ndani ya gari.

"Wewe! Lete hapa," akasema Mama Makoye. "La Matrida hilo. Niliiba."

"Nilishakupa, mama," akasema Matrida.

"Hukunipa, niliiba, na sasa narudisha. Na lile boga pia nitakulipa." Akalipokea dumu, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge. "Maana naona itabidi niende kule kule juu nikamuulize mwenyewe, na sitaki nikifika anizibe mdomo kwa habari ya boga."